Mmea Salama kwa Paka Huchaguliwa Kitaluni, Si Sebuleni

Kuanzia Mei hadi Septemba, joto la mchana mjini Riyadh hupita nyuzi 40 karibu kila siku. Jeddah hupungua nyuzi chache, lakini unyevunyevu wa Bahari ya Shamu huifanya hewa yake iwe nzito zaidi. Katika miezi hiyo madirisha hufungwa, viyoyozi hufanya kazi usiku na mchana, na uhai wote wa nyumba hujikusanya ndani: watu, paka, ndege wa kufugwa, na vyungu vya maua vilivyopangwa sebuleni ili macho yapate kijani ambacho nje kimekaushwa na jua. Hali ni hiyo hiyo katika vila za kaskazini mwa Riyadh na katika nyumba za ghorofa za Kandara, mtaa wa zamani wa katikati ya Jeddah, jirani na Al-Balad. Mnyama na mmea, ambao kwingineko wangekutana uani kwa nadra, hapa hukaa chumba kimoja kwa miezi mitano. Paka anayependa kutafuna majani hana jani jingine ila lile ambalo mwenye nyumba alilinunua kwa uzuri wake. Ndiyo maana kuchagua mimea salama kwa nyumba yenye mnyama, jambo linaloweza kudhaniwa kuwa ni anasa ya wenye nafasi, katika miji hii ni suala la uhai wa kiumbe tuliyemfungia ndani kwa uamuzi wetu wenyewe.

Suala hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Katika nyumba nyingi za Saudia, anayemwagilia maua, anayefagia majani yaliyoanguka, anayemlisha paka na kumbadilishia mchanga wa choo ni mfanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya, Uganda au nchi nyingine ya Afrika Mashariki. Yeye ndiye wa kwanza kuona jani lililotafunwa, ndiye wa kwanza kumwona paka akidondokwa na mate, na msiba ukitokea, yeye ndiye aliye karibu zaidi na lawama. Mara nyingi hakuuchagua mmea ule, na hakuna aliyemwambia jina lake. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba usalama wa mnyama huamuliwa kitaluni, kabla mmea haujavuka kizingiti cha nyumba, na huamuliwa na mtu anayeujua mmea kwa jina lake kamili. Kuweka chungu juu ya kabati, kumkemea paka, au kuamini kwamba mnyama anajua mwenyewe cha kula ni viraka juu ya uamuzi uliokwisha kuharibika.

Mahitaji ya kijani yanazidi kukua, na hilo ni jema. Mwaka 2019 Riyadh ilianzisha mradi mkubwa wa kupanda miti, Riyadh ya Kijani, wenye lengo la kufikisha miti milioni 7.5 ifikapo 2030. Hamu hiyo ya kijani imeingia pia majumbani, na vitalu vya miche vinauza mimea kutoka pembe zote za dunia. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, na kitaluni ndivyo ilivyo: mnunuzi huangalia upana wa jani, rangi ya ua, na kama mmea utavumilia kivuli na kiyoyozi. Swali la sumu haliulizwi, na muuzaji, ambaye mara nyingi naye ni mgeni aliyepewa mmea wenye bei tu bila jina, hana cha kujibu. Hapo ndipo kasoro ilipo. Mmea mmoja unaweza kuua, mwingine ukawasha mdomo tu, na wa tatu usidhuru kitu, na yote mitatu ikapangwa rafu moja kwa bei zinazokaribiana. Jicho peke yake haliwezi kuitofautisha.

Tuanze na mbaya kuliko yote kwa paka, yaani yungiyungi. Ua hili hupendwa katika mashada ya harusi, ya sikukuu na ya kumjulia hali mgonjwa. Katikati ya petali zake husimama vijiti vyembamba vilivyobeba chavua nyingi ya rangi ya machungwa au kahawia, ile inayochafua nguo na kuganda. Paka akipita chini ya chombo cha maua, chavua humdondokea mgongoni. Hatafuni kitu, wala hakuna anayegundua. Usiku anajilamba kama paka wote wanavyojilamba, na kwa kujilamba anaimeza. Kiasi hicho kidogo kinatosha. Sehemu zote za yungiyungi la kweli, lile la jenasi ya Lilium, na za jamaa yake wa jenasi ya Hemerocallis, huharibu figo za paka. Hata maji ya chombo lilimokaa yana sumu. Dalili za mwanzo ni kutapika, kukataa chakula na unyonge, kisha kati ya siku moja na tatu figo husimama. Paka akifikishwa kwa daktari wa mifugo na kuanza kutiwa maji mwilini mapema, kabla ya saa 18 kupita, matumaini ni makubwa; baada ya hapo hupungua sana. Mbwa akila ua hilo hilo huweza kuumwa tumbo tu. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama mmea una sumu; ni kama una sumu kwa mnyama huyu anayeishi humu.

Kundi la wauaji lina wengine ambao Saudia imewapa nafasi ya heshima. Sikasi, mmea wa shina fupi nene na majani magumu yanayotandaza duara, huwekwa kwenye milango ya vila na kumbi za hoteli kwa sababu unafanana na mtende mdogo. Hauna udugu na mtende. Una sumu inayoitwa sikasini, iliyomo katika sehemu zote lakini zaidi katika mbegu, na mbegu chache tu hutosha kuharibu ini la mbwa. Oleanda, inayoitwa difla kwa Kiarabu, hustawi kando ya barabara na kwenye kuta za nyumba kwa sababu haijali joto wala ukame, ilhali majani yake yana sumu inayovuruga mapigo ya moyo wa paka, mbwa, mbuzi, farasi na binadamu. Kalankoe, yenye maua madogo mengi ya rangi kali na inayouzwa katika vyungu vidogo vya zawadi, nayo ina sumu ya moyo ya jamii inayokaribiana na hiyo.

Katika kundi hilo yumo jamaa anayetuhusu zaidi: waridi la jangwani, kwa jina la kisayansi Adenium obesum. Shina lake lililovimba na maua yake ya waridi vimelifanya liwe pambo la roshani. Aliyelieleza kwa mara ya kwanza katika sayansi ni Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea wa msafara wa Denmark uliopita Jeddah mwaka 1762 ukielekea Yemen. Yeye alifia Yemen mwaka 1763, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1775. Mmea huo huo huota wenyewe katika nyika za Kenya na Tanzania, na utomvu wake umetumika Afrika kutia sumu mishale ya kuwindia. Mtu wa nyikani anayejua mishale hiyo hahitaji kuambiwa kwamba mmea huu si wa kuachwa sakafuni penye paka. Lakini mmea ukishasafishwa, ukatiwa kwenye chungu cha kauri na kufungwa utepe, ujuzi huo wa kale hubaki nyikani, na sebuleni hufika uzuri peke yake.

Chini ya wauaji kuna kundi kubwa zaidi, la mimea inayoumiza bila kuua kwa kawaida. Humo imo mimea mingi ya kijani ya sebuleni: monstera yenye majani ya matundu, filodendroni, pothosi inayotambaa, difenbakia yenye madoa meupe, na ile inayoitwa yungiyungi la amani ambayo si yungiyungi hata kidogo. Inavyofanya kazi inafaa kuelezwa. Ndani ya seli za majani yake mna fuwele za kalsiamu oksaleti, nyembamba na zenye ncha pande zote mbili, zimefungwa matita matita. Mnyama akitafuna, seli hupasuka na fuwele hizo huchomoka na kuingia kwenye ulimi, ufizi na koo. Maumivu huja papo hapo: mate humtoka, hujikwangua mdomo kwa makucha, hutapika, na pengine mdomo huvimba. Zamioculcas, mmea wa majani manene yanayong'aa unaosifiwa kwa kuvumilia giza na kusahauliwa maji, ni wa kundi hili, na asili yake ni kwetu, kuanzia Kenya na Zanzibar hadi Afrika Kusini. Sanseviera yenye majani marefu ya kusimama wima, na mshubiri, dawa ya mlango wa jirani kwa Waarabu na Waswahili, hazina fuwele hizo kama silaha yao kuu, lakini zina kemikali zinazomletea paka na mbwa kutapika na kuhara. Kwamba mshubiri ni dawa kwa ngozi ya mtu haimaanishi kwamba jani lake ni salama tumboni mwa paka.

Kuna watakaosema hofu hii imepita kiasi, na pingamizi lao lina uzito. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba poinsetia, ua lenye majani mekundu linaloota pia katika bustani za Nairobi na Arusha, huua kwa jani moja. Imani hiyo ilitokana na kisa kilichosimuliwa Hawaii mwaka 1919 cha mtoto aliyedaiwa kufa kwa kula jani lake. Kisa hakikuthibitishwa, na majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba utomvu wa mmea huo huwasha mdomo na kuchafua tumbo kidogo, basi. Funzo ni kwamba orodha ya mimea mibaya isiyopangwa kwa viwango inaweza kupotosha sawa na kutokuwa na orodha kabisa. Mtu akiambiwa kila kitu ni sumu, mwisho haamini lolote, na yungiyungi hupita pamoja na poinsetia. Kwa hiyo siwaombi wenye nyumba watupe kila chungu. Nasema watofautishe: yungiyungi, sikasi, oleanda, waridi la jangwani na kalankoe zisikae kabisa katika nyumba yenye mnyama anayeweza kudhuriwa nazo, pothosi na wenzake si mimea ya kununua kwa nyumba yenye paka mdogo au mbwa mtafunaji, na pale palipo na paka mzee asiyejali majani, mwenye nyumba apime mwenyewe akijua anachokipima.

Wengine husema mnyama ana akili yake. Mwenyezi Mungu kampa hisia ya kumwonya. Ni kweli kwamba viumbe wengine wana ujuzi huo, na Afrika Mashariki ina mfano wa ajabu. Kuna panya mkubwa mwenye nywele ndefu mgongoni, Lophiomys imhausi, anayetafuna magome ya Acokanthera, mti ule ule ambao wawindaji wetu huchemsha kupata sumu ya mishale, kisha hupaka mate yake yenye sumu kwenye nywele maalumu za ubavuni. Watafiti, akiwamo Jonathan Kingdon aliyezaliwa Tabora, walilieleza jambo hilo mwaka 2011. Panya hafi. Mbwa anayemng'ata panya huyo ndiye anayeanguka. Hisia ya kumwonya haikumsaidia mbwa, kwa sababu ujuzi wa aina hiyo hujengeka kizazi baada ya kizazi pale mnyama na mmea walipoishi pamoja. Paka wa Riyadh hakulelewa na ukoo wake kati ya monstera za Amerika ya Kati wala sikasi za Japani. Zaidi ya hayo, kula majani ni tabia ya kawaida ya paka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis waliwahoji wenye paka zaidi ya elfu moja, na katika matokeo waliyotangaza mwaka 2019, asilimia 71 ya paka walikuwa wameonekana wakila mimea mara sita au zaidi. Na ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachowasaidia wanyama wengine kuvunja kemikali nyingi. Ndiyo maana hata kidonge cha paracetamol, tunachomeza sisi bila wasiwasi, humuua. Paka anakula majani kwa maumbile, na mwili wake haukuumbwa kusamehe kosa.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi: weka chungu juu. Kwa mbwa na sungura linaweza kusaidia. Kwa paka halisaidii kitu, kwa kuwa urefu ndio uwanja wake. Anaruka kutoka kwenye kochi hadi rafuni na kutoka rafuni hadi juu ya pazia. Hata asiporuka, majani hukauka na kudondoka, chavua hushuka na upepo wa kiyoyozi, na mtambaazi kama pothosi hushusha matawi yake taratibu hadi yafikie urefu wa mdomo. Kuna pia ubaya wa kazi: chungu kilichowekwa juu huhitaji mtu apande kiti kukimwagilia, na mtu huyo, akishuka na jani lililokatika mkononi, huliacha mezani akienda kushughulika na mengine. Mmea usiofaa huendelea kudai uangalizi kila siku ya maisha yake, na siku moja ya kusahau inatosha. Mmea unaofaa haudai kitu.

Nne, kuna wanaoshikilia sanseviera na yungiyungi la amani kwa imani kwamba zinasafisha hewa ya nyumba iliyofungwa. Imani hiyo ina chanzo cha heshima: utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa katika vyumba vidogo vya majaribio vilivyozibwa kabisa. Mwaka 2019 Cummings na Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walikusanya tafiti za miongo kadhaa na kukokotoa upya. Walionyesha kwamba ili mimea isafishe hewa ya jengo sawasawa na upitishaji hewa wa kawaida, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Hakuna sebule yenye nafasi hiyo. Mmea hutupa utulivu wa macho na moyo, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini faida hiyo huipati zaidi kutoka kwa mmea wenye sumu kuliko kutoka kwa mmea usio na sumu. Kisingizio cha kumweka paka hatarini kwa ajili ya hewa hakina msingi.

Basi tununue nini? Orodha ya salama ni ndefu, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki inaanzia nyumbani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alichukua mmea mdogo wa majani ya manyoya na maua ya zambarau kutoka Usambara na kuupeleka Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia. Leo mmea huo, urujuani wa Kiafrika, unauzwa duniani kote, ilhali asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya tu. Hauna sumu kwa paka wala kwa mbwa. Huko kwao huota juu ya miamba yenye kivuli na ukungu, na maumbile hayo ndiyo yanayotuambia jinsi ya kuutunza Riyadh: usiuweke kwenye jua kali, bali karibu na dirisha la mashariki, mwagilia kwa kutia maji kwenye kisahani cha chini, kwa kuwa maji baridi juu ya majani huacha madoa, na weka chungu juu ya sinia ya kokoto zenye maji ili hewa kavu ya kiyoyozi isiuchome. Jeddah, penye unyevunyevu wake, kazi ni nyepesi zaidi.

Kwa anayesema mimea salama ni laini mno kwa nchi kavu, jibu liko kitaluni. Aspidistra ina majani mapana ya kijani kilichokolea, huvumilia kivuli, vumbi na kusahauliwa, na haidhuru. Klorofitumu, ile inayoteremsha vichipukizi vyake kwenye nyuzi ndefu, asili yake ni Afrika, hukua haraka, na paka huipenda; akiila nyingi huweza kutapika, lakini hadhuriki. Haworthia ya Afrika Kusini humpa mnunuzi sura ile ile ya mshubiri bila sumu ya mshubiri. Kwa anayetaka mmea mkubwa wa kona, jamii ya kweli ya minazi na mitende imetosha: areka ya Madagaska na chamaedorea ya Meksiko zote ni salama, na hapo tofauti na sikasi inajionyesha waziwazi. Kangaga ya Boston, kalathea na peperomia zinafaa zaidi Jeddah kuliko Riyadh. Na usidharau mimea ya utamaduni: mrehani, ambao Waarabu na Waswahili huuthamini kwa harufu, hauna sumu kwa paka na mbwa, yasmini ya kweli, ya jenasi ya Jasminum, vilevile, na waridi la kweli, lile ambalo Taif imejengea sifa zake, tatizo lake ni miiba tu. Nyumba inaweza kunukia Uswahili na Uarabu bila kuwa na jani hata moja la kuogopa.

Uangalifu haukomi hapo. Orodha za salama nyingi huandikwa kwa ajili ya paka na mbwa, na ndege ana mwili mwingine. Kasuku hutafuna kila kitu kwa mdomo wake wenye nguvu, na mparachichi, ambao watu hupenda kuotesha kutokana na kokwa kwenye glasi ya maji, una kemikali inayoweza kuua ndege kwa kuumiza moyo. Pia mmea salama unaweza kufika na sumu isiyo yake: dawa ya wadudu iliyopulizwa kitaluni, au mbolea ya punje iliyochanganywa na udongo, ambayo mbwa huifukua kwa harufu yake. Ni busara kuosha majani, kubadili udongo wa juu na kuutenga mmea mpya na mnyama kwa siku kadhaa.

Swali linalobaki ni nani awe na ujuzi huu. Majina ya mitaani hayatoshi, kama tulivyoona kwa sikasi na yungiyungi la amani. Jina la kisayansi ndilo linalovuka lugha: mwenye nyumba Mwarabu, muuzaji kutoka Bangladesh na mfanyakazi kutoka Mombasa wanaweza kulisoma na kulitafuta kwa herufi zile zile. ASPCA, shirika la Marekani la kupinga ukatili kwa wanyama ambalo limeendesha kituo cha sumu za wanyama tangu 1978, limeweka kwenye intaneti orodha ya bure ya mimea salama na isiyo salama, na kila mmea una jina hilo. Simu iliyo mkononi inatosha. Ninawaomba waajiri wabandike jina la kila mmea kwenye chungu chake, na wamwonyeshe anayeutunza ni upi wa kushika kwa glavu. Hili si kwa ajili ya paka tu. Utomvu wa oleanda, wa waridi la jangwani au wa difenbakia ukimwingia machoni anayepogoa, ni yeye anayeumia. Na mtoto anayetambaa ana mdomo sawa na wa paka.

Kuna atakayeuliza mfanyakazi afanye nini ikiwa uamuzi si wake. Ana haki ya kusema, na kusema kwa adabu kuna uzito katika nchi hii. Kila Mwislamu amesikia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie. Kosa lake lilikuwa kumfungia kiumbe kisha kutojali kilichomo humo alimomfungia. Anayefunga mlango wa nyumba yake miezi mitano ya kiangazi amejitwika dhamana hiyo hiyo, na mama wa nyumba akikumbushwa hivyo na kuonyeshwa picha ya mmea pamoja na maelezo yake kwa Kiarabu, ana sababu ya kusikiliza. Akikataa, walau anayetunza ameshasema, na lawama haitakuwa yake peke yake.

Ajali ikitokea, muda ndio dawa. Ondoa mabaki mdomoni mwa mnyama, piga picha mmea au chukua kipande chake, andika saa, na mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama bado anatembea. Usimtapishe kwa maji ya chumvi. Chumvi yenyewe huweza kumuua. Usitegemee maziwa, hayaokoi figo wala moyo. Kama paka amegusa yungiyungi, usingoje dalili, na mfunike kwa taulo njiani ili asiendelee kujilamba chavua.

Lakini siku ya ajali ni siku ya kuchelewa. Uamuzi wenye nguvu ni ule wa kitaluni, kabla ya kulipa, na unahitaji maswali mawili tu: mmea huu unaitwaje kwa jina la kisayansi, na mnyama wangu akiutafuna itakuwaje? Ewe msomaji wa Riyadh, wa Jeddah, na hata wa Dar es Salaam au Mombasa, muuzaji akishindwa kukujibu la kwanza, na wewe ukishindwa kupata jibu la pili, uache mmea huo pale ulipo. Chukua urujuani wa Usambara, chukua mrehani, chukua areka. Nyumba itakuwa ya kijani, na wote waliomo watakuwa salama.